Masaa Kumi na Moja Kutoka Guangzhou

Abdulatif alikuwa Buguruni, kwenye chumba cha kupanga, anakunywa chai, dada yake Nasma alipompigia WhatsApp kumwambia mama yao amefariki. Nyumbani ni Kariakoo, bodaboda robo saa tu. Lakini kwa nyumba nzima, Abdulatif alikuwa China, Guangzhou.

Jamani, mwanaume mzima! Alisomewa dua ya safari, pilau likaliwa, mtaa wote ukajua Latifu anaenda kufuata mzigo kama wafanyabiashara wakubwa. Viza ikakataliwa. Mwingine angesema nimekwama, wamcheke wiki moja yaishe. Yeye, kwa kiburi chake, akaaga, akakumbatiwa, akapanda teksi ya uwanja wa ndege, akaishia Buguruni. Na ule mkoba aliomtumia mama kutoka China aliununua Mtaa wa Kongo, karibu na mlango wa mama huyo huyo! Mama, Bi Siti, akawa anautembeza kwa majirani.

Sasa Nasma analia kwenye simu. "Kaka, Baba Mdogo anauliza, ndege ni masaa mangapi? Mama alisema wewe ndiye umshushe kaburini. Ukisema unakuja, watakusubiri."

"Kumi na moja," Abdulatif akajibu. Hesabu hiyo aliijua kwa moyo, aliitafuta mtandaoni siku alipoanza kudanganya. "Na tiketi sijapata. Mzikeni tu, msinisubiri."

Akakata simu. Alijichukia mpaka chai akaimwaga.

Baada ya Alasiri hakuweza kukaa. Akavaa barakoa, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akaenda kusimama kwenye njia ya makaburini. Jeneza likaja mabegani mwa watu, na kama ilivyo ada yetu, kila aliye njiani huingiza bega, akabeba kidogo, akampisha mwenzake. Abdulatif akaingiza bega. Hakumpisha mtu.

"Mungu akulipe, mwanangu," mzee mmoja akamwambia. "Marehemu ana mtoto mmoja tu wa kiume, yuko China, masikini. Wewe hata humjui, na umembeba hivi."

Loo! Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka. Alitamani ardhi immeze pale pale.

Makaburini, Baba Mdogo Ramadhan alianza kuvua kandambili. Mzee ana magoti mabovu, kusimama tu ni kazi, na sasa anataka kushuka shimoni.

"Nitampokea mimi," alisema. "Mwanawe yuko mbali. Tusimlaumu."

Abdulatif akavua barakoa. "Baba Mdogo, nipo."

Mzee akamtazama usoni, kisha akamtazama miguu iliyojaa tope.

"Umekuja na ndege gani?"

"Sikupanda ndege. Nilikuwa Buguruni, Baba. Siku zote hizi." Alisema kwa sauti ili kila mtu asikie, maana kunong'ona kungekuwa kudanganya tena.

Watu wakaguna. Abdulatif alingoja atukanwe, hata apigwe, na moyoni aliomba apigwe. Baba Mdogo akamshika mkono, akamsaidia kushuka, akainama mpaka karibu na sikio lake.

"Mama yako ameumwa wiki mbili," alisema. "Kila tukishika simu tukwambie, anatukataza. Anasema ni mbali mno, msimsumbue mtoto."

Kisha akageuka kuwaambia waliobeba maiti wasogee. Abdulatif akainua mikono ampokee mama yake.