Gari la Njano Halichomwi

Wote walioiona ile filamu wanalikumbuka gari la njano likiruka mfereji. Wanaukumbuka pia uso wa staa nyuma ya usukani, taya zimekaza, macho makavu. Wasichokijua ni kwamba uso ule ulipigwa picha gari likiwa juu ya magogo, vijana wawili wakilitikisa kwa nyuma. Aliyeruka mfereji alikuwa dereva teksi, mwanamke, kavalishwa koti la staa na kubandikwa masharubu yaliyomwasha siku nzima. Mtaani kwao walimwita Klachi, kwa sababu hakuwahi kumwazima mtu gari. Alisema watu wana miguu ya kuua klachi.

Filamu ilipokwisha, kampuni ililitupa gari nyuma ya bohari, boneti imejikunja, ekseli imepinda. Klachi akaenda kuliomba. Wakampa na hati yake, wakicheka, wakamwambia litamfaa kwa kufugia kuku. Mdogo wake alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na karakana yake ilikuwa na nafasi uani. Wakaliingiza humo kwa kulisukuma. Walilifufua polepole, kipuri kimoja kimoja, kila kilipopatikana. Siku lilipowaka, moshi ulijaa uani hadi majirani wakatoka na ndoo za maji. Tangu hapo likawa teksi yake.

Miaka ikapita, filamu nayo ikazidi kupendwa. Ndipo mwongozaji wake akaja karakanani, nywele zimeshakuwa nyeupe, akakaa kwenye kiti ambacho sponji yake ilikuwa bado haijatiwa. Alikuwa anatengeneza sehemu ya pili. Akaeleza kwamba mwishoni gari la njano litateketea kwa moto na staa atalililia. Alitaka lile lile la zamani, maana watu wangehisi ukweli wake.

"Gari hili ni historia," alisema. "Tunataka life kishujaa."

"Historia ya nani?" Klachi akamuuliza.

Klachi akafuta mikono kwa kitambaa, akamwambia bila kupandisha sauti, "Wewe unataka watu walie. Mimi nataka liwake kesho asubuhi. Gari halichomwi."

Hazikupita siku nyingi, mwongozaji akasikika redioni akisema gari halisi limehifadhiwa na kampuni, na kwamba teksi ya njano inayozunguka mjini ni ya kuiga, kazi ya shabiki mmoja mwenye mapenzi yaliyopitiliza. Abiria wakaanza kumtania Klachi. Mmoja alimuuliza kama na leseni yake ni ya kuiga. Mdogo wake akamsihi ayaache yapite, wale ni watu wakubwa, hawawezi kushindana nao.

Klachi hakulala vizuri wiki ile. Angevumilia kutotajwa, alishazoea. Kuitwa mwongo ndiko kulikomkaa kooni. Akamwendea mdogo wake, aliyekuwa na mwandiko mzuri, akamkabidhi brashi na kopo la rangi nyeusi. Mdogo mtu alinung'unika, lakini aliandika, na herufi zikakaa sawasawa kwenye mlango wa dereva: ALIYERUKA MFEREJI NI MIMI.

Mji mzima ukausoma mlango. Kampuni ikamtuma mwanasheria kumtaka ayafute yale maneno. Klachi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia apande amrudishe mjini, maana jua lilikuwa kali. Mwanasheria alipita katikati ya mji akiwa ndani ya maneno aliyokuja kuyakataza.

Baadaye akaja staa mwenyewe, peke yake, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Ilibidi ashike mlango ili aketi garini.

"Dada, nakuomba," alisema. "Wanangu wamekua wakijua ni mimi."

Klachi akamwonea huruma kweli. Akawasha gari, akampeleka hadi kwenye mfereji. Ng'ambo ya pili palikuwa pamejengwa maduka, na maji yalikuwa kidogo, yamejaa chupa. Akamwambia kwamba siku ile, gari lilipotua, jino lake moja lilipasuka. Aliendelea kuendesha mpaka mahali alipoambiwa asimame, damu mdomoni. Aliposhuka, wote walikuwa wamekimbilia upande wa pili, kumpigia makofi mtu aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli.

Staa aliinama, akayatazama magoti yake. "Nilitaka kuwaambia makofi yale wakupigie wewe," alisema. "Nikayaonja kwanza. Yakawa matamu."

"Wanao wana baba, hilo hakuna atakayelifuta. Na mlango wangu pia haufutwi."

Akamrudisha. Klachi alitegemea kwamba mtu yule angeenda kusema kweli, na kwa siku kadhaa alikuwa akiongeza sauti ya redio kila alipomsikia. Siku alipoulizwa nani aliruka mfereji, staa akajibu kwamba waulizwe waliokuwepo. Klachi akasonya, akazima redio. Lakini staa hakudai tena kuwa ni yeye.

Sehemu ya pili ilipotoka, walichoma gari jingine, walilolipaka njano. Watu walijazana. Siku ya kwanza ya maonyesho ya mchana, Klachi aliegesha mbele ya ukumbi wa sinema kungoja abiria, kiwiko nje ya dirisha. Watazamaji wakatoka wakifuta macho. Wa mbele wakasimama, wa nyuma wakawagonga visigino. Wengine wakacheka, wengine wakasoma mlango kwa sauti. Mama mmoja wa makamo, leso bado mkononi, akalisogelea gari na kuligusa boneti, iliyokuwa bado ya moto kwa safari.

"Si limeungua?" aliuliza.

"Limeungua la kwao," Klachi akamjibu. "Panda, dada. Mlango ufunge taratibu."