Upande wa Mgongo

Kila asubuhi kabla hajanywa chai, Brice anapanda ngazi ya chuma mpaka chumba cha juu ya paa, anavaa glavu, anafungua vizibo vya betri na kuangalia maji. Yakipungua anaongeza, yale safi ya chupa, siyo ya bomba. Akikuta ukungu mweupe kwenye vichwa vya waya, anasugua kwa mswaki na magadi. Halafu anateremsha betri zilizojaa kwa kapi mpaka korido ya ghorofa ya juu, anazipakia kwenye toroli, anazishusha kwa lifti ya mizigo, anazipeleka kwa pikapu mpaka klabu ya gofu ya Heron Bend, ng'ambo ya mto Humber, anarudi na zile zilizokwisha. Ni betri za vigari vya gofu, vile ambavyo wazee wenye kofia wanapanda ili wasitembee kwenye nyasi. Nzito kama mawe ya kusagia.

Jengo liko mtaa wa Weston, la zamani, na treni ya uwanja wa ndege inapita chini ya madirisha. Mwenye jengo alikodisha paa kwa klabu theluji ilipokuwa inaisha, klabu ikatandaza paneli za sola kutoka ukingo mpaka ukingo. Tangu hapo jua halijawagusa watu wa ghorofa ya juu. Siyo ndani tu, hata nje. Wakisimama kituo cha basi saa sita mchana, jua linawapiga wenzao wote, wao linawazunguka. Vivuli hawana. Wamezoea. Siku za joto kali wengine wanasema heri hivi.

Walipomuuliza mwenye jengo, alisema ukikodisha paa umekodisha na jua la wanaolala chini yake, ni jambo la kawaida, lakini taa za korido atazibadilisha. Kweli akazibadilisha.

Brice alipata kazi kwa sababu anakaa palepale, ghorofa ya juu, na mke wake Joyeuse na mama mkwe wake, Mama Pulchérie. Wote watu wa Uvira. Shida ilianza Joyeuse alipojifungua. Mtoto wa kiume, ananyonya vizuri, ila njano mpaka ndani ya macho. Hospitali wakamlaza chini ya taa ya bluu, taa ikafanya kazi, wakaruhusiwa. Nyumbani njano ikarudi. Hospitali tena, taa tena, nyumbani, njano. Mwishowe daktari akasema huyu anataka jua. Akaangalia anwani yao kwenye kompyuta, akaona ghorofa, akafunga faili.

Mama Pulchérie alikuwa na neno lake. Kwenye ukoo wao mtoto anaanikwa kwanza jua la asubuhi, ndiyo anaitwa jina. Tumbo likishapata jua, anaitwa jina la kanisa. Anageuzwa. Mgongo ukishapata jua, anaitwa jina la babu, ambaye atambeba. Kabla ya hapo ni mgeni tu, na mgeni anaweza kuaga saa yoyote. Joyeuse alishazika mmoja kwenye kambi ya wakimbizi, wakati wa mvua, aliyeaga akiwa bado mgeni. Hiyo habari haisemwi nyumbani.

Walijaribu. Walimpeleka bustani ya kando ya mto. Jua lilikaa kwenye benchi, likakaa kwa bata, likamruka mtoto. Reza, jirani Mwirani wa mlango wa pili, aliwaambia wasijisumbue, nyanya zake za balkoni zina ugonjwa huohuo.

"Huyu wenu angalau analia," akasema. "Nyanya zangu zinakufa bila hata kulalamika."

Lakini Brice alikuwa anajua kitu. Ukifungua kizibo cha betri iliyojaa, asubuhi inachungulia. Kidogo tu, ya uvuguvugu, inatosha kiganja. Kila siku aliiona na kila siku aliifunga. Kazi ni kazi. Alikosea akamwambia mke wake.

"Kumbe unapita hapa mlangoni kila siku," Joyeuse akasema, "na jua la mtoto wako kwenye toroli."

Brice akasema mashindano ya klabu ni Jumamosi hii, kila betri inatakiwa ijae.

"Na huyu je? Yeye ajae lini?"

Jumamosi asubuhi toroli haikwenda kwenye lifti. Brice aliiingiza sebuleni, akashusha betri za kigari kimoja, akazipanga kuzunguka godoro. Mama Pulchérie akatandika kitenge, akampaka mtoto mafuta. Brice akafungua vizibo.

Asubuhi ikatoka. Ya saa moja, ya pembeni, kama inavyoingia dirishani kwa watu wengine. Ukutani kikatokea kivuli cha kabati. Vya watu navyo vikarudi. Mama Pulchérie akakiangalia chake, akasema kimenenepa. Halafu akamlaza mtoto chali, na njano ikaanza kuondoka kuanzia kitovuni, taratibu, kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Ikatoka tumboni, kifuani, ikatoka machoni. Mama Pulchérie akamwinamia sikioni akamwita Elysée.

Ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa Leonce, Mrundi wa ghorofa ya sita, msimamizi wa betri. Jumapili anaimbisha kwaya. Ndiye aliyemtafutia Brice kazi. Alikuwa anafuata betri za mashindano, akaona mwanga chini ya mlango. Hakuuliza ni nini. Akaingia na mita yake, akagusisha waya kwenye betri, akaangalia mshale unavyoshuka.

"Funga, Brice."

"Mkubwa, tungoje kidogo."

"Tumbo ilishaisha," Mama Pulchérie akasema. "Mugongo iko bado."

Leonce aliongea polepole, bila ukali. Klabu imesema jua la paani likipungua, wataweka paneli kwenye ukuta wa kusini, kuanzia ghorofa ya sita. Ghorofa yake.

"Binti yangu Ariane anacheza kamba na kivuli chake, mama. Kila jioni. Nitamwambia nini?"

"Jumapili unaimbisha watu nuru, leo unakuja kuipima."

Leonce akainama kuangalia mshale tena.

"Weye," akasema Mama Pulchérie, "nani alikuanika?"

"Mama yangu."

"Pande ngapi?"

"Zote mbili," akasema Leonce. Hakumwangalia mtoto. "Brice, nikifunga mimi mtasema ni Leonce. Funga wewe."

Joyeuse alikuwa ameshamgeuza mtoto mikononi, mgongo juu, bado hajamlaza. Mwanga ulishashuka mpaka usawa wa godoro. Brice aliangalia mgongo, akaangalia mshale. Kazi ikipotea, nyumba inafuata. Akachukua vizibo, akafunga kimoja, akafuata kingine. Kivuli cha kabati kikaondoka, vya watu vikaondoka. Jua la kizibo cha mwisho lilikuwa limegusa kisigino cha mtoto. Akakifunga.

Mashindano yalikwenda vizuri. Kigari kimoja kilizimika kabla ya shimo la mwisho, mwenye kofia akamalizia kwa miguu. Leonce akasema betri ni nzee. Ukuta wa kusini haujaguswa.

Mtoto yupo. Kwa mbele ana rangi ya baba yake, macho meupe, anacheka na watu. Mgongo ni njano kama limau. Daktari aliupiga picha akasema uzito ni mzuri. Kanisani walimwombea, kwa jina moja. La pili analo Mama Pulchérie, hajalitoa. Akitaka chumvi mezani anamwambia Joyeuse amwambie Brice.

Na Brice bado anasukuma toroli. Gurudumu lilikuwa linalia, akalipaka grisi lisisikike. Haikusaidia. Betri zikipita mlangoni, mtoto ambaye umri wa kujigeuza haujafika anajigeuza kwenye kitenge, analala kifudifudi, mgongo kuelekea mlango, anatulia. Hata halii. Anangoja.

Brice anajua. Joyeuse alimrekodi mtoto kwa simu akamtumia video. Akifika hapo anapunguza mwendo, kisha anasukuma mpaka mwisho wa korido, anabonyeza kitufe, na lifti inakuja.