Njia ya Juu ya Cutler Pines

Walipomaliza kumwaga lami mpya pale Cutler Pines, wenye uwanja huo wa mbio za magari walikata utepe, wakaleta bendi ya shule na nyama ya nguruwe ya kuchoma. Lonnie Teague, dereva pekee aliyewahi kushinda mara saba pale, aliombwa aseme neno. Akachuchumaa, akapapasa lami kwa kiganja. Ilikuwa laini kama sakafu ya benki.

"Mmeuua uwanja," akasema.

Watu wakacheka, wakidhani mzee anatania. Hakuwa anatania hata kidogo. Lami ya zamani ilikuwa na miaka thelathini na moja, imechanika, kokoto zimejitokeza, inatafuna tairi kama panya na sabuni. Lami hiyo ndiyo iliyompa Lonnie jina. Wenzake walianza mbio kwa fujo, na baada ya raundi thelathini matairi yao yalikuwa hayana kitu tena, wanateleza huku na huko. Yeye aliyekuwa akiyabembeleza ya kwake alikuja kutoka nyuma bila haraka na kuwaokota mmoja mmoja. Mwenda pole hajikwai. Alikuwa ameishi kwa msemo huo kwa miaka ishirini na minne, na sasa watu wenye mashine za kushindilia walikuwa wameufukia.

Na gari nalo! Zamani Dewitt Pruitt, fundi wake mkuu, alikuwa anakata chuma mwenyewe, anachomelea, anapinda hapa, anaongeza pale, mpaka gari linamkaa Lonnie kama kiatu cha zamani. Gari la sasa kila kitu kinanunuliwa kimeshatengenezwa, sawasawa na cha jirani, na ukiongeza hata kipande cha bati unafungiwa. Lilikuwa pana, limekaa chini, tumbo lake bapa kama sinia. Likiwa peke yake linakimbia vizuri ajabu. Likikaribia mgongo wa mwenzake, gari la mbele linavuruga hewa, pua ya la nyuma inakosa kitu cha kuikandamiza chini, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kama wa gari la watoto. Hupiti. Unabaki kutazama taa za bandia zilizobandikwa mgongoni mwa gari la mwenzako mpaka jioni.

Alhamisi kabla ya mbio, Bi Corrine Ashmore, mwenye gari, aliingia gereji akiwa na mfuko wa karanga za kuchemsha, anamenya na kuangusha maganda sakafuni.

"Bi Corrine, nakuomba," Dewitt akasema. "Maganda ya karanga gereji ni nuksi. Watu wamekufa kwa mambo haya."

"Nuksi ni kumaliza wa kumi na tisa kila Jumapili, Dewitt." Akamgeukia Lonnie. "Nina magari mawili na madereva wawili. Mwakani nitabaki na gari moja. Nataka uingie kwenye watatu wa kwanza hapa, uwanja wako wa nyumbani. Ukishindwa, gari ni la Brantley."

Brantley Sykes, kijana wa miaka ishirini aliyeendesha gari la pili la mama huyo, alikuwa hapohapo. Akajifanya anafunga kamba za kiatu.

"Nimekuelewa, mama," Lonnie akajibu. Alielewa vizuri mno. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Hakuna timu nyingine ambayo ingempigia simu. Baba mkwe wake alikuwa na mabanda sita ya kuku barabara ya kwenda Florence, na kila Krismasi alikuwa anamkumbusha kwamba nafasi ya kazi ipo.

Jumapili ikaja na jua kali. Raundi mia tatu. Lonnie alianza wa tisa, akafanya alichofanya maisha yake yote: akayabembeleza matairi, akangoja. Raundi ya hamsini akangoja. Raundi ya mia akangoja bado. Waliokuwa mbele hawakuchoka, hawakuteleza, hawakufanya lolote la kumfurahisha. Walizunguka kwenye njia ileile ya chini, pua kwa mgongo, kama siafu.

Raundi ya mia na arobaini bendera ya njano, ya kupunguza mwendo bila kupitana, ikatoka kwa sababu ya gari lililopasua rejeta, na wote wakaingia kwa mafundi.

"Matairi mawili," Dewitt akasema redioni. "Ya kulia tu, tutoke haraka. Wote wanachukua mawili."

"Manne."

"Lonnie, matairi hayaliki! Nimeyapima, yako kama yametoka dukani!"

"Nimesema manne. Mwisho wa mbio utaniambia."

"Haya bwana. Mkubwa hakosei, anateleza."

Kwenye lami ya zamani yale matairi manne mapya yangekuwa kombe. Kwenye hii yalimgharimu sekunde sita, na akatoka wa ishirini na moja. Matairi yake yalikuwa mazuri kweli, ila kila mtu alikuwa na mazuri. Alijua kabla hata hajaifikia kona ya kwanza. Alikuwa amefanya upumbavu wa mzee, ule wa kupanda mbegu za mwaka jana kwenye mvua ya mwaka huu. Akapiga usukani kwa ngumi, mara tatu, akamtukana aliyemwaga lami, aliyechora gari, na aliyemzaa aliyechora gari.

"Redio iko wazi, mzee," Dewitt akamkumbusha.

"Najua iko wazi!"

Kwa raundi thelathini akakaa nyuma ya gari moja la njano. Akisogea, pua inakataa kukata kona. Akirudi nyuma kidogo, inakubali. Akisogea, inakataa. Raundi ya mia na themanini hasira ikamshinda. Akaiacha njia ya chini, akapanda juu kabisa, karibu na ukuta, mahali ambapo hakuna tairi lililokuwa limepita tangu mashine za lami ziondoke.

Gari likateleza kama limekanyaga sabuni. Ubavu wa kulia ukasugua ukuta, moshi ukaingia ndani.

"Una wazimu? Huko juu hakuna kitu! Ni vumbi tupu!" Dewitt akafoka redioni.

"Angalau hewa ni yangu mwenyewe."

Akapitwa na wawili. Raundi iliyofuata akapanda tena. Akapitwa na mwingine. Hakuna aliyemfuata, maana nani amfuate mtu anayejigonga ukutani kwa makusudi? Lakini kila raundi matairi yake manne, yale ya upumbavu, yaliacha mpira kidogo juu ya lami. Ilianza kama kivuli. Raundi ya mia mbili na ishirini ilikuwa mstari mweusi unaoonekana hata kwenye majukwaa, na gari likaanza kushika, maana mpira hushikana na mpira. Akakanyaga mafuta mapema zaidi. Likashika. Akakanyaga mapema zaidi ya hapo.

"Lonnie," sauti ya Dewitt ilikuwa imebadilika, "muda wako huo ndio wa haraka kuliko wote uwanjani."

Akaanza kuwaokota. Wa kumi na nane, wa kumi na nne, wa tisa. Walikuwa wamefungana chini, hewa iliyovurugwa imewashika pua, na yeye anapita juu, peke yake. Watu majukwaani walisimama. Raundi ya mia mbili na tisini alimpita Brantley kwa nje, akawa wa tatu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akasikia raha moyoni.

Halafu njano tena. Dereva mmoja alikuwa ameteleza, gari likazunguka kama pia kwenye kona ya nne.

Mbio zikianza upya, magari hupangwa mistari miwili sambamba; kila dereva kwa zamu yake hufika kwenye alama iliyopakwa rangi barabarani, akachagua njia ya kulia, yaani ya juu, au ya kushoto, ya chini, na akishaivuka hana ruhusa ya kubadili. Aliyeongoza alifika, akaenda juu. Wa pili alikuwa na haki ya kukaa mstari wa mbele, kushoto. Akaiacha, akaenda juu, nyuma ya yule wa kwanza.

Nafasi ya mbele upande wa kushoto ikabaki wazi. Bure.

"Juu!" Dewitt akapiga kelele. "Nenda juu, Lonnie! Hiyo ni njia yako!"

Zilibaki raundi nne. Miaka ishirini na minne Lonnie alikuwa amewafundisha vijana kwamba anayekataa mstari wa mbele akapimwe akili. Mkono wake ulijua hilo kabla ya kichwa. Akaenda kushoto.

"Ah, Lonnie," Dewitt akasema, polepole.

Akatazama kioo. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Wote walikuwa juu, safu moja ndefu, juu ya mstari wake mweusi, wanasukumana.

Bendera ya kijani ikapepea. Kona ya kwanza walikwenda sambamba. Kona ya pili aliyeongoza akamwacha. Wa pili akapita. Kisha likapita gari la Brantley, lenye rangi zilezile za Bi Corrine. Lonnie akajaribu kurudi juu, lakini nafasi ilikuwa imejaa. Akamaliza wa nne.

Akaliingiza gari gereji. Ubavu wa kulia wa gari ulikuwa hauna rangi, umebaki bati tupu. Bi Corrine alipita, akasimama, akamtazama kidogo.

"Nilisema watatu, Lonnie," akasema, na akaenda. Safari hii hakuwa na karanga.

Brantley alikuja baadaye, amekumbatia kofia yake ya mbio, uso umejaa masizi.

"Mzee Lonnie, shikamoo. Ile njia… ulijuaje kama itashika?"

"Sikujua. Nilikuwa na hasira."

Kijana akacheka, kisha akaona Lonnie hacheki. Akasimama akihamisha mguu huu na huu. Swali lilionekana mdomoni mwake kabla halijatoka, na Dewitt alilala chini ya gari haraka, kama mtu aliyepoteza spana.

"Sasa mbona hukuichagua?"

Lonnie alifungua zipu ya ovaroli mpaka kiunoni, akaifunga tena, akaifungua. Nje, gari la kufagia lilikuwa limeshaingia uwanjani. Lilianzia kule juu, karibu na ukuta, kwenye ule mstari mweusi.