Nati Zilizokazwa kwa Vidole

Auma alikuwa fundi wa panja, wa kuziba matairi, pale Landless, kando ya barabara ya Garissa, na hakuna mwanaume aliyemshinda kufungua tairi la lori. Mumewe, Sifuna, alikuwa akiuza vifaranga. Kila asubuhi alifunga kreti kwenye keria ya baiskeli akawapelekea wafugaji wa Makongeni, hadi siku ile ya Februari lori lilipompita karibu mno, kioo cha pembeni kikamchota bega na kumtupa mtaroni. Lori halikusimama. Nyonga ya Sifuna ilivunjika mara mbili, na tangu hapo akawa mtu wa kugeuzwa kitandani.

Namba hakuna aliyeiona. Polisi waliandika yao, wakanyamaza. Auma hakunyamaza moyoni. Kila lori lililoegeshwa kibandani kwake, alilitazama kioo kwanza.

Alhamisi moja ya Julai, lori la maji lilisimama, tairi la mbele limekaa chini. Dereva wake aliitwa Gachau, mtu wa maneno mengi, aliyemwita kila mama "mathe".

"Sasa, mathe! Nitengenezee haraka, kuna mjengo Thika mjini unangoja maji ya kukorogea saruji."

Akavuta kigoda, akaketi. Mwendesha baiskeli mmoja alipopita, Gachau akamsonya.

"Hawa watu wananisumbua sana. Mimi siwahepi, wanihepe wao. Mwezi wa pili kulikuwa na mmoja hapo karibu na Makongeni, amebeba vifaranga. Nilimgusa kidogo tu na kioo. Haiya! Lami yote ikawa njano!" Akacheka hadi akajifuta macho.

Auma alikuwa amechutama nyuma ya gurudumu.

"Ulisimama?"

"Nisimame nifanye nini, mathe? Niokote vifaranga?"

Auma aliziba tairi, akarudisha gurudumu, nati akazikaza kwa vidole tu. Spana aliigonga-gonga kwenye chuma ili Gachau asikie kazi ikifanyika. Kisha akateremsha jeki.

"Tayari."

"Mungu akubariki, mathe."

Lori likaondoka. Auma alilisindikiza kwa macho, na utamu ukamjaa kifuani, utamu ambao hakuwa ameuonja tangu Februari. Akilini alimwona Gachau akilala chali, akiita beseni, akingoja mtu wa kumgeuza. Naye ajue.

Ndipo king'ora cha kiwanda kilipolia. Saa kumi. Wafanyakazi wa zamu ya mchana walianza kumiminika kutoka upande wa Thika kwa baiskeli, mmoja nyuma ya mwingine, pembezoni mwa lami, wakija kukutana ana kwa ana na lori. Mwanamke mmoja alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Gurudumu likichomoka halichagui wa kumwangukia.

Auma alinyakua baiskeli ya Sifuna, iliyoegemea kibanda, akatupa spana kwenye keria, akakanyaga pedali. Magari yalimpigia honi kana kwamba ameiba barabara. Gari moja, Probox, lilimpita kiwiko kwa kiwiko, naye akahisi upepo wake ukimsukuma kuelekea mtaroni. Alilipata lori kwenye matuta, linatambaa, gurudumu likiyumba kama mlevi. Akalipita, akaiweka baiskeli katikati ya njia.

"Wewe mwanamke, unataka kufa?" Gachau alipayuka.

"Shuka uone."

Alishuka. Aligusa nati, ikazunguka vidoleni mwake. Uso ukampauka.

"Mathe, ulisahau kukaza?"

"Sikusahau. Yule wa vifaranga ni mume wangu."

Waendesha baiskeli walikuwa wamewazunguka, na neno hilo walilisikia. Auma akakaza nati moja baada ya nyingine, bila haraka, Gachau akitazama, jasho likimtiririka. Alipomaliza, akapanda, akachomoa funguo za lori.

"Sasa twende kwangu."

Sifuna, kitandani, alipoambiwa mgeni ni nani, alimkazia macho.

"Nataka jambo moja tu. Uliniona, ama hukuniona?"

Gachau akainama. "Nilikuona. Nilidhani utatoka njiani."

"Nitoke niende wapi? Kushoto kwangu ni mtaro."

Gachau akapiga magoti, akalia, akaomba msamaha. Sifuna aligeuza uso ukutani.

"Mimi sijakusamehe," Auma alisema. "Inuka, twende polisi."

Kituoni Gachau aliungama yote. Auma naye akaeleza habari ya nati, neno kwa neno, akanyoosha mikono afungwe ikibidi. Afisa aliwatazama wote wawili, akamuuliza Gachau kama ana malalamiko dhidi ya Auma. Gachau akatikisa kichwa, Auma akaachwa aende.

Sifuna ndiye aliyemwadhibu Auma. Siku tatu hakumsemesha. Ya nne akasema, "Wale waendesha baiskeli wa saa kumi ni wenzangu." Auma alilia kwa ajili ya wale, na kwa ajili ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kwa ajili ya Gachau hakutoa chozi.

Miezi baadaye mahakama ilimnyang'anya Gachau leseni na kumpeleka jela. Mke wa Gachau aliangua kilio pale benchini. Auma alisimama nyuma, akamtazama Gachau akiongozwa nje hadi mlango ulipofungwa, akauuliza moyo wake kama umeshiba. Ulikuwa bado.