Bolti Nne za Mzee Lavon

Waendesha baiskeli wa vilima vile vya Kansas wana desturi moja nzuri: wazee na wazito wa miguu hutangulia nusu saa, ili wote wafike pamoja kwenye mchuzi wa maharage na mikate ya mdalasini. Twyla Goertzen ndiye aliyeileta desturi hiyo katika safari zake za Jumamosi kwenye barabara za kokoto. Asubuhi moja ya Aprili desturi hiyo nusura imtie kitanzini.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa fundi katika duka la baiskeli la Merle Stucky. Jumatatu angeanza kazi mpya ya kukaza bolti kwenye mitambo ya umeme wa upepo, yenye mshahara mnono na bima ya matibabu. Merle alimsihi amwachie mtu mwingine safari hizo mpaka aizoee kazi, maana mshika mawili moja humponyoka. Twyla akamjibu kwamba Mungu alimpa mikono miwili. Majibu hayakuwahi kumpungukia.

Wazee walikuwa wamekwisha kuondoka, naye alikuwa akiikagua baiskeli ya Maribel Arreola, mwalimu wa hesabu na mwendeshaji hodari kuliko wote pale. Kwenye kila bolti ya usukani aliona tone jeupe. Lilikuwa lake mwenyewe: akishakaza bolti huipaka rangi ya kucha, ili hata akili ikisahau, jicho likumbuke. Akaacha kukagua. Kwenye baiskeli ya mzee Lavon Pankratz, mmoja wa wale waliotangulia, hakuwa amepaka rangi ile.

Yote yakamrudia kwa mpigo mmoja. Alhamisi alikuwa akifunga usukani mpya wa mzee, bolti nne amezizungusha kwa vidole tu, simu ikalia. Walikuwa watu wa mitambo ya upepo. Akatoka nje kuzungumza nao, akarudi amejaa furaha, akaishusha baiskeli kutoka kwenye stendi na kuipanga pamoja na zile zilizokwisha kutengenezwa.

Kwenye tambarare usukani wa namna hiyo unaweza kuvumilia. Lakini maili ya kumi na moja kulikuwa na mteremko mkali, na chini yake vyuma vilivyolazwa barabarani kuzuia ng'ombe. Mzee mwenye miaka sitini na tisa akivigonga kwa kasi na usukani ukageuka mkononi, hapo huna tena la kutengeneza.

Alimpigia Lavon simu. Katika mabonde yale simu haipatikani, na hilo alilijua. Gari nalo lisingefaa, kwa kuwa daraja lilikuwa limebomolewa na mafuriko na watu walikuwa wakivuka kwa miguu, baiskeli begani.

"Ongoza wewe," alimwambia Maribel. "Kuna kitu nimesahau, nawahi mbele."

"Kitu gani?"

"Kidogo tu."

Aliona aibu kukitaja. Mtu anayekwenda kulipwa kwa kukaza bolti, atasemaje kwamba ameacha nne? Akaondoka na uongo wake.

Upepo wa kusini ulimpiga kifuani njia nzima. Kokoto zilimtelezesha, mapaja yakawaka, naye akazidi kukanyaga huku akimwomba Mungu, ambaye hakuwa amezungumza naye tangu Krismasi. Alimpita mzee wa kwanza, kisha wa pili, akiwauliza Lavon yuko wapi. Wote walionyesha mbele. Lavon alikuwa tarishi wa posta miaka thelathini, na hadi leo hakuwa amejifunza kuchelewa.

Alipofika juu ya kilima alimwona. Alikuwa ameshaanza kuteremka. Twyla akapiga kelele, upepo ukamrudishia kelele zake. Ikabidi amfuate bila kugusa breki, gurudumu likiyumba chini yake, hadi wakawa bega kwa bega.

"Mzee, usukani umelegea! Usiuegemee. Breki ya nyuma tu, polepole."

Lavon alitii mara moja. Aliuondoa uzito wake mikononi, akabana breki ya nyuma, akaburuza kiatu kimoja chini. Baiskeli ilisimama hatua nne kabla ya vyuma.

Twyla alishuka, akalibana gurudumu la mbele kwa magoti, akausukuma usukani kwa mkono mmoja. Uligeuka kama mlango. Lavon alitazama vyuma, akatazama usukani, akakaa chini kwenye majani.

"Ni mimi," alisema Twyla. "Nilikuwa sijamaliza. Simu ya kazi ikalia."

"Kwa hiyo simu ukaimaliza."

"Ndiyo, mzee."

Wengine walipofika aliwaeleza yote, pamoja na ule uongo aliompa Maribel, na hakujitafutia kisingizio. Hakuna aliyemzomea. Kisha akatoa spana mfukoni na kuinama kwenye bolti ya kwanza.

"Ngoja, binti," alisema Lavon. Hakupaza sauti. "Sina hasira na wewe. Umenifukuza kama mbwa aliyeona gari la posta, na bila hivyo ningekuwa nimelala pale. Lakini akaze Maribel."

Twyla alihisi machozi yanakuja. Kwa miaka kumi na minne hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa baiskeli ile. Angeweza kujibu, na majibu alikuwa nayo: kwamba Maribel ni mwalimu, kwamba fundi pale ni mmoja tu. Aliyameza yote.

"Sawa, mzee," alisema. Akamgeukia Maribel. "Na safari za Jumamosi zishike wewe, mpaka nitakapoweza. Merle aliniambia, nikajifanya sisikii."

Akamkabidhi spana. Kisha akapiga magoti kwenye kokoto, akalishika gurudumu la mbele kwa mikono yote miwili lisicheze, na Maribel akaanza kukaza.