Sponji za Mabegani

Mama mtu alikuwa ameshakata kesi: kifua kile kikubwa si cha binti yake fundi cherehani peke yake, ni cha ukoo. Bibi alikuwa nacho, yeye anacho, na hakuna aliyewahi kwenda kukipunguza kama suruali ya dukani.

"Mungu akupe, wewe urudishe?"

"Sirudishi, mama. Napunguza tu."

Fundi alikuwa na miaka thelathini na tisa, ishirini kati ya hiyo ameimaliza akiwa ameinama kwenye cherehani. Asubuhi shingo, jioni mgongo, na siku hizi vidole vilimfa ganzi hadi sindano ikawa inamdondoka. Uamuzi wa kupunguzwa matiti alishaufanya. Alichokosa ni baraka za mama yake, na mama yule hakuwa mtu wa kutoa baraka, alitoa maneno. Hata magauni yake alishonewa kwa maneno: "Weka sponji mabegani, nene. Ndiyo fasheni yangu." Fasheni yenyewe ilishapitwa na wakati, lakini nani angemwambia?

Daktari, mama mmoja mpole, hakumficha kitu. Angelala kwa dawa ya usingizi kwa muda wa saa tatu hivi. Makovu yangefifia ila yasingefutika, chuchu zingeweza kupoteza hisia, na uvimbe ungechukua miezi. Kwa wiki kadhaa asibebe mizigo wala asinyanyue mikono juu ya mabega.

Asubuhi ya upasuaji daktari alimsimamisha, akamchora mistari kifuani kwa kalamu. Fundi akashindwa kujizuia.

"Samahani, daktari. Huo wa kushoto umeshuka kidogo. Pima tena."

Daktari akapima, akakuta kweli, akacheka. "Nikistaafu nitakuja kwako kuomba kazi."

Kwa kujiamini huko, fundi alikuwa ameshajishonea gauni jipya la kubana, kwa vipimo vya kukisia. Wiki ya pili baada ya upasuaji akalijaribu. Zipu ikapanda hadi kiunoni, ikagoma. Uvimbe ulioahidiwa ulikuwa umefika na mizigo yake.

Mama, aliyekuja kumsaidia kuvaa kwa sababu mikono haikuruhusiwa kupanda, alicheka hadi akakaa kitandani. "Mganga hajigangi! Wateja unawaambia nini?"

"Nawaambia wasubiri, mama. Mimi ndiye sisikii."

Fundi mwenyewe akacheka, akishika kifua kwa maumivu. Mama akamvua lile gauni taratibu. Mkono wake ukasimama begani kwa mwanawe, kwenye mfereji uliochimbwa na kamba za sidiria.

"Na huu utaondoka?"

"Daktari anasema utapungua. Shingo imeshaacha kuuma, mama. Jana nimelala hadi asubuhi."

Mama akaenda kufunga mlango, akafungua vifungo vya gauni lake na kuliteremsha begani.

Mfereji wake ulikuwa mweusi, mpana, ungeingia kidole kizima. Miaka ishirini fundi alimpima mama yake juu ya nguo, akamshonea sponji nene, akamcheka moyoni kwa fasheni ya kizamani. Alijisikia vibaya mpaka machozi yakamtoka.

"Usinililie, mimi sijafa," mama akasema, akifunga vifungo. "Niambie tu. Huyo daktari wako anapokea wa miaka sitini na tatu?"

"Tutamuuliza, mama. Twende wote."

"Basi gauni langu lile uliloanza," mama akasema, "usiliwekee sponji."