Mbwa wa Kufukuzwa

Mkwe wangu Trent alifika Louisiana kutoka kwao Tennessee, akamtazama mbwa wangu, akacheka.

"Mama, nasikia huyu hukimbia ng'ombe. Kwetu mbwa hufukuza, hafukuzwi."

Nilikuwa namtilia kahawa. Nusura nimtilie na chumvi. Kwao wanafuga mbwa wa kunusa, masikio yanawaning'inia mpaka shingoni, kazi yao kumpandisha mtini rakuni, yule mnyama mdogo wa usiku mwenye mkia wa mistari, na kumbwekea mpaka bunduki ifike. Mbwa wazuri, sikatai. Lakini ukimtuma mmoja wao kwenye msitu wetu wa majimaji akuletee ng'ombe, atakuletea rakuni.

Trent hakuja kutembea. Binti yangu Laurel ndiye aliyemtuma, aje ashuhudie. Tangu Alton wangu afariki na nyonga ianze kunisumbua, Laurel anataka nikakae kwake mjini. Nami kwa kiburi changu nikamwahidi kwenye simu: masika haya mto ukiwawahi ng'ombe wangu kumi na wanne kabla sijawatoa msituni, nauza wote, nampa mtu Jaji, nahama. Siku Trent alipofika, maji yalikuwa yameshafunika njia ya chini.

Jaji ndiye mbwa wangu. Ana madoadoa kama shuka lililomwagikiwa wino, na jicho moja la buluu. Alton alikuwa akisema ni damu ya mbwa wa wenyeji wa kale wa ziwani, waliochanganyika na mbwa wa vita wa Wahispania. Baba yangu aliapa ni mbwa wa Wafaransa. Hakuna aliyekuwepo kati yao. Ninachojua ni kwamba mama yake Jaji alifanya kazi hivi hivi, na bibi yake pia.

Asubuhi nilifungua geti la zizi, nikamsimamisha Trent pembeni.

"Ng'ombe wa mwisho akiingia, funga. Kabla ya hapo usiguse kitu."

"Sawa, Mama."

Jaji akazama msituni. Tukamsikia akibweka mbali, kisha karibu, kisha huyo akachomoka mbio, na nyuma yake ng'ombe wangu mkubwa kainamisha pembe, wenzake wote wakimfuata wakikoroma kwa hasira.

"Masikini, watamuua!" Trent akapiga ukelele. Jaji alipopita tu, akalibamiza geti.

Pembe ziligonga mbao. Kundi likageuka, likarudi msituni.

Nilitamka maneno ambayo mchungaji wetu wa kanisani asingependa kuyasikia.

"Lakini nimemwokoa!" Trent akajitetea. "Mbwa mwoga, alikuwa anakimbia!"

"Alikuwa anawaleta! Ng'ombe wenye ndama hawaswagwi, baba, wanachokozwa. Anawachokoza wamfukuze, anaingia zizini nao nyuma, halafu yeye anapenya kwenye lile tundu pale. Mwoga, eti! Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hujasikia?"

Niliongea kwa ukali kwa sababu niliogopa. Ng'ombe walioshtuliwa getini huenda wasilikaribie tena siku hiyo, na maji hayakuwa na subira. Niliitazama nyumba yangu, nikaanza kuhesabu moyoni nitakachobeba.

Jaji alimtazama Trent kwa lile jicho la buluu. Kisha akapenya kwenye tundu, akarudi msituni bila kutumwa.

Nililifungua geti tena, tukangoja mpaka saa sita mchana. Maji yakafika kwenye viatu vya Trent, naye hakuthubutu kusogea.

"Mama, nisamehe."

"Nyamaza, nasikiliza."

Jaji akabweka. Safari hii alitoka na pembe shubiri moja tu nyuma ya mkia wake. Trent alifumba macho, lakini mikono akaiweka mgongoni. Nikahesabu mpaka kumi na nne.

"Funga!"

Akafunga. Nililia, sioni haya kusema.

Simu yake ikaita. Sauti ya Laurel niliisikia mpaka nilipokuwa. "Vipi, Mama kashindwa?"

Trent alivitazama viatu vyake. "Mama hajashindwa. Mimi ndiye niliyefunga geti."

"Geti gani?"

"We acha tu. Hahami."

Kisha akatoa soseji kwenye mkate wake, akampa Jaji. Jaji akaila yote, akajilamba, halafu akaenda kulala getini kabisa, katikati ya Trent na komeo.